Kura moja Virginia: kiti kilipoamuliwa kwenye bakuli

Wadau, kila uchaguzi ukikaribia utasikia vijana kijiweni, "kura yangu moja itabadilisha nini bwana?" Wenye wazo hilo nawapeleka Newport News, jimbo la Virginia, Marekani, eneo la uchaguzi namba 94.

Novemba 2017 David Yancey wa Republican alikuwa anatetea kiti chake katika bunge la jimbo dhidi ya Shelly Simonds wa Democratic. Hesabu ya kwanza Yancey kaongoza kwa kura 10 tu. Zikahesabiwa upya Desemba 19, Simonds kashinda kwa kura 1! Kesho yake majaji watatu wakaipitisha karatasi moja iliyokuwa imekataliwa. Mwenyewe alitia alama kwa wagombea wote wawili, halafu akachora mstari kwenye alama ya Simonds. Majaji wakampa Yancey. Ngoma droo, 11,608 kwa 11,608.

Sheria ya kule inasema wakilingana ni bahati nasibu. Januari 4, 2018 majina mawili yakatiwa kwenye bakuli, likatoka la Yancey. Lingetoka la Simonds, bunge lingekuwa 50 kwa 50. Republican wakabaki na wingi wao, 51 kwa 49. Simonds akaja kukichukua kiti 2019.

Mimi bakuli silaumu. Nawalaumu waliobaki nyumbani, maana mmoja tu angetoka kwenda kupiga kura bakuli lisingehitajika. Na jamani, soma maelekezo kabla hujatia alama!

Mnaonaje wadau?