Programu ya wafadhili: Kabla ya kuingia, uliza mlango wa kutokea uko wapi

Simu ya mweka hazina wenu ikinyakuliwa leo jioni dirishani mwa matatu, kikundi chenu kitapoteza nini?

Usiharakishe kujibu "simu tu". Ndani ya hiyo simu kuna nambari za watu kama mia mbili ambao wamekuwa wakiwatumia mia mbili, mia tano, siku zingine elfu. Kuna jumbe za M-Pesa zinazoonyesha nani alitoa nini na lini. Kuna yule mama aliyeahidi kulipa karo ya msichana mmoja kila muhula, na hakuna mwingine kwenye kamati anayejua jina lake kamili. Simu ikienda, hao wote wanaenda nayo.

Makundi mengi ya vijana mjini yanaendeshwa hivyo. Kwa muda mrefu haikuuma sana, kwa sababu pesa kubwa ilitoka kwa mfadhili mmoja au wawili wa ng'ambo. Huhitaji kompyuta kukumbuka majina mawili.

Halafu Januari 20, 2025, Rais wa Marekani Donald Trump akasimamisha misaada ya kigeni kwa siku 90. Machi mwaka huo, waziri wake wa mashauri ya kigeni, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID ilikuwa imefutwa. Kufikia Julai 1, shirika lenyewe lilikuwa limeacha rasmi kutoa misaada. Hapa Kenya unajua kilichofuata: kliniki zilipunguza huduma, na vijana waliokuwa wakifanya kazi mashinani wakaambiwa warudi nyumbani.

Kwa hivyo kila mtu sasa anarudi kwa harambee, ila hii ni harambee ya kila mwezi. Hesabu yake ni tamu: watu 400 wakitoa Sh500 kila mwezi, hiyo ni Sh200,000. Lakini watu 400 hawakai kichwani mwa mweka hazina. Ndio maana kila kamati imeanza kuulizana, "Si tununue ile programu ya kusimamia wafadhili?"

Mnaweza kununua. Shida ni kwamba wengi huuliza swali la kwanza likiwa la mwisho, na la mwisho likiwa la kwanza.

Swali la kwanza: mtatokaje?

Muuzaji atakuonyesha chati za rangi, barua pepe zinazojituma zenyewe na ripoti za kumfurahisha mwenyekiti. Mwache amalize. Kisha muulize: siku tukiamua kuondoka, tutaichukuaje orodha yetu yote, pamoja na historia ya kila mchango? Na ninyi mtabaki na nini?

Kuna sababu ya kuanza hapo. Blackbaud ni kampuni kubwa ya Marekani inayouza programu za kusimamia wafadhili kwa vyuo vikuu, hospitali na mashirika ya misaada. Mwaka wa 2020 wadukuzi waliingia kwenye mitambo yake, wakakaa humo miezi kadhaa kabla ya kugunduliwa, wakaondoka na data ya wateja zaidi ya 13,000. Kampuni ililipa fidia kwa wadukuzi hao, ikaahidiwa kwamba data imefutwa. Oktoba 2023 ilikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 49.5 ili kumaliza kesi.

Lakini kinachokuhusu wewe kilisemwa mwaka wa 2024. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilisema kampuni hiyo ilikuwa imeweka data kwa miaka mingi kuliko ilivyohitajika, ikiwemo data ya wateja waliokuwa wameshaondoka. Yaani shirika lilikuwa limefunga akaunti na kwenda zake, lakini majina ya watu wake yalibaki ghalani yakingoja mwizi.

Kwa hivyo usikubali jibu la mdomo. Dai mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: kwamba mnaweza kupakua kila kitu katika faili ya kawaida inayofunguka kwenye Excel, na kwamba mkiondoka data yenu itafutwa katika muda unaojulikana. Kisha jaribu mwenyewe wakati wa majaribio ya bure. Ingiza watu kumi, andika michango yao, pakua. Kama michango imerudi bila tarehe, au majina yamerudi bila michango, umeshapata jibu lako.

Swali la pili: inaelewa M-Pesa?

Programu nyingi za wafadhili zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotoa kwa kadi ya benki au hundi. Wafadhili wako wanatoa kwa simu. Kama kila jioni kuna mtu anakaa akinakili michango kutoka taarifa ya Paybill moja moja, hamjanunua programu. Mmenunua daftari la bei ghali.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha programu na M-Pesa moja kwa moja kupitia Daraja, huduma ambayo Safaricom imewawekea watengenezaji programu. Hapo unahitaji mtu wa kuandika msimbo, na zaidi ya hapo unahitaji mtu wa kuutunza. Ya pili ni rahisi: mara moja kwa wiki unapakua taarifa ya Paybill na kuiingiza yote kwa mpigo. Kwa kikundi kidogo, hiyo inatosha kabisa.

Njia yoyote mtakayochukua, usitupe ile herufi na tarakimu kumi za muamala. Hakuna miamala miwili yenye msimbo mmoja, kwa hivyo ndio utakaokuonyesha kama mchango mmoja umeandikwa mara mbili. Tumieni pia ile sehemu ya "nambari ya akaunti" kwenye Paybill: waambieni watu waandike KARO au CHAKULA, na mchango utafika ukiwa umeshajieleza.

Jambo lingine ambalo huwashtua wengi. Kwa ajili ya faragha, Safaricom imekuwa ikificha sehemu ya nambari ya simu ya anayelipa biashara. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwatumia Sh1,000 na msijue mtamshukuru wapi. Hakuna programu itakayowatatulia hilo. Lazima mumwombe nambari yeye mwenyewe, na akubali kuwapa. Hiyo inatuleta kwa sheria.

Swali la tatu: watu walio humo ndani wamekubali?

Sheria ya Kulinda Data ilianza kutumika Kenya Novemba 2019. Wengi hudhani inahusu benki na zile programu za mikopo zinazompigia shangazi yako simu usiku. Inahusu pia kikundi chako. Mtu ana haki ya kujua mnatumia data yake kwa nini, kuiona, kutaka irekebishwe au ifutwe, na kuwaambia mwache kuitumia. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya watu kuumia, mna saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Ati hawatafuti watu wadogo? Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sasa fikiria ukurasa wenu wa Facebook: watoto wangapi wameshika madaftari waliyonunuliwa?

Ni kweli kwamba makundi madogo, yenye wafanyakazi wasiozidi tisa na mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka, kwa kawaida hayalazimiki kujisajili kwa Kamishna. Lakini kazi fulani, kama huduma za afya au kuendesha shule, hazina msamaha huo. Na kutojisajili si ruhusa ya kupuuza sheria iliyobaki.

Hapa ndipo programu inaweza kuleta maafa makubwa kuliko daftari. Shauku ikiwapanda, mnaanza kuingiza kila kitu mahali pamoja: wafadhili, wanachama, pamoja na wale mnaowasaidia. Msichana aliyeokolewa kutoka ndoa ya mapema anakaa kwenye mfumo uleule na afisa wa kampuni aliyetoa Sh50,000, na kijana wa kujitolea aliyekuja juzi anaweza kuwaona wote wawili.

Usifanye hivyo. Orodha ya wanaotoa ikae kivyake, na ya wanaosaidiwa kivyake tena kwa ulinzi mkali zaidi. Programu ambayo haiwezi kumpa kila mtu ruhusa yake, huyu aone hiki na yule asikione kile, haiwafai hata ikiwa ya bure.

"Ya bure" na bei yake

Tuseme mmepata programu ya dola 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 600. Dola ikiwa Sh130, hiyo ni Sh78,000. Ongeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 unaotozwa huduma za kidijitali kutoka nje, unafika Sh90,480. Na mnakumbuka Januari 2024 dola ilikuwa imepanda hadi karibu Sh160. Bei ya programu haikubadilika, ni shilingi iliyoanguka. Michango yenu inaingia kwa shilingi, na bili inakuja kwa dola.

Za bure nazo zina bei zake. Salesforce hutoa leseni kumi bila malipo kwa mashirika yasiyo ya faida yanayokubaliwa, lakini ni mfumo mkubwa, na kuupanga upatane na kazi yenu mara nyingi kunahitaji mtaalamu wa kulipwa. CiviCRM ni programu huria: hakuna leseni ya kulipia, inafanya kazi pamoja na WordPress, na data inakaa pale mnapotaka nyinyi. Lakini kuna seva ya kulipia, na lazima awepo mtu wa kuisasisha. Mara nyingi mtu huyo ni kijana mmoja mwenye moyo mzuri, na siku akipata kazi Rwanda, mfumo unalala pale alipouacha.

Kisha kuna jedwali la kawaida, Excel au Google Sheets. Usilicheke. Kwa kikundi chenye wachangaji wasiofika mia tatu, jedwali moja lililopangwa vizuri linafanya kazi kuliko programu ambayo hakuna anayeifungua. Kila mtu awe na mstari wake, na kila mchango uwe na mstari wake kwenye ukurasa wa pili. Mtahisi wenyewe wakati wa kuhama ukifika: watu watatu wanagombania faili moja, au mnamshukuru mtu mara mbili na kumsahau mwingine aliyetoa zaidi.

Anzeni na Jumamosi moja

Kabla ya kuongea na muuzaji yeyote, kaeni chini Jumamosi moja na kazi hizi. Kusanyeni majina kutoka kila simu na kila daftari, myaweke mahali pamoja. Ondoeni marudio. Andikeni nani alikubali kupokea jumbe zenu na nani hakuulizwa. Wale ambao hawakuulizwa, waulizeni. Akaunti ya orodha iwe ya kikundi, wala si barua pepe ya mtu binafsi, na angalau watu wawili waweze kuifungua.

Kazi hiyo haipotei bure. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyotiwa saini 2013 na kukaa kabatini hadi Mei 14, 2024 ilipoanza kutumika, inayataka mashirika yaliyosajiliwa chini yake yatunze hesabu na kuwasilisha ripoti kila mwaka. Ripoti hiyo haiwezi kuandikwa kutoka kwenye jumbe zilizokuwa ndani ya simu iliyoibwa.

Wanaotuma hizo mia tano kila mwezi si matajiri. Mmoja ni bodaboda, mwingine anauza mitumba Gikomba, mwingine hana kazi mwezi huu lakini ametuma mia mbili. Walichowapa ni pesa pamoja na majina yao. Pesa mtazitumia ziishe. Majina yatabaki mikononi mwenu, au mwa kampuni fulani ya mbali, miaka mingi baadaye.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kumpigia muuzaji, mpigie mweka hazina wenu. Muulize nakala ya pili ya orodha iko wapi.