NANI ANAMWITA DUBU KAMBINI?



Dubu hatumjui kwa macho. Kwetu Kongo hayuko. Tunamjua katika Biblia tu, pale Daudi anapomweleza Sauli namna alivyoua simba na dubu shauri ya kondoo za baba yake. Lakini tulipofika Amerika ya Kaskazini katika somo la jeografia, maneno mengi yalizuka katika kalasi: watu wanaolala hemani katika pori la dubu, wanajilinda namna gani? Wengine walisema bunduki. Wengine eti moto mkubwa usiku kucha. Sisi tunasema hapana. Kinacholinda kambi, kwanza ni namna ya kuweka chakula.

Tutazame jambo lililotokea kweli. Katika mbuga ya Glacier, huko Montana, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilipita miaka zaidi ya 50 bila dubu kuua mtu. Halafu, usiku mmoja tu, tarehe 13 Agosti 1967, dubu wawili waliua wasichana wawili, mahali pawili mbalimbali. Kila mmoja alikuwa na miaka 19. Sababu gani? Mahali pa kwanza, mabaki ya chakula cha nyumba ya wageni yalitupwa karibu, na wageni walifurahi kutazama dubu wakija kula usiku. Mahali pa pili, wapiga kambi waliacha takataka ovyo, na dubu akazoea kusumbua watu ili apate vyakula vyao. Kumbe, watu ndio waliomfundisha!

Tena angalieni: si wasichana wale waliozoesha dubu. Waliowazoesha walikuwa watu wengine, nao walibaki salama. Na dubu nao walipigwa risasi.

Siku hizi amri ni kali. Watu wanapika mbali na hema, kadiri ya metre 90. Chakula, sabuni, hata dawa ya meno, vyote vinafungiwa katika sanduku la chuma, ama vinatundikwa kwa kamba juu ya mti, metre 3 na zaidi kutoka chini, mbali na shina. Ni kwa sababu pua ya dubu ina nguvu sana. Nguo za kupikia hazilaliwi. Takataka zinarudi na mwenyewe.

Lakini amri hizi hazifai kitu kama watu kumi wanazifuata, na wa kumi na moja anaficha biskuti chini ya kichwa. Dubu akifika usiku, haulizi biskuti ni za nani.

Mnacheka, eti mambo ya mbali. Na dortwari yetu je? Muhula uliopita, panya alimuuma mtoto wa mwaka wa kwanza kidole cha mguu. Mtoto yule hakuwa na chakula. Karanga zilikuwa chini ya kitanda cha mukubwa mmoja, naye alilala vizuri mpaka asubuhi. Tulitafuta mitego, tulitafuta paka, lakini karanga hakuna aliyezitaja.

Kwa hiyo tunaomba: vyakula vyote viwekwe katika depo moja yenye kufuli, na sisi wakubwa tuwe wa kwanza kupeleka vyetu. Mwenye kuficha asiseme, ni chakula changu, hakumuhusu mtu. Kinatuhusu sisi wote tunaolala pale.