MAHARAGE YA MADOA YASIRUDI GHALANI KUWA MBEGU

Ndugu wanachama,

Tumepita mashambani tukaona. Majani ya maharage yana madoa ya kahawia, na madoa yenyewe si ya duara. Yanazuiwa na mishipa ya jani, kwa hiyo yana pembe pembe. Ndiyo maana ugonjwa huu unaitwa madoa pembe. Jani linageuka njano, linapukutika mapema, na mbegu zinabaki nyembamba.

Wako wanaosema ni jua. Wengine wanasema shamba limerogwa. Hapana, jamani! Ni ukungu. Unapenda unyevu, unasambazwa na upepo na matone ya mvua. Unalala ndani ya mbegu na katika mabaki ya mavuno, msimu ukija unaamka.

Sasa neno letu ni hili. Ghala letu linakopesha mbegu, na mwanachama anarudisha akishavuna. Akirudisha mbegu ya shamba lenye ugonjwa, tunaukopesha ugonjwa kijiji kizima. Tena kukagua ghalani ni kuchelewa, maana mbegu inaweza kuonekana safi na kumbe inao. Ukaguzi ufanyike shambani, maganda yakiwa bado mabichi.

Watu watasema huko ni kumwonea mnyonge. Sisi tunasema mwenye shamba la madoa asinyimwe haki yake. Ugonjwa huu haumdhuru mlaji, basi maharage yake ale au auze, na deni alipe kwa fedha. Ila yasiwe mbegu.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono. Palipoota maharage mwaka huu, pakae misimu miwili bila maharage. Na sisi tunaochanganya mahindi na maharage kila mwaka shamba lile lile, tusijidanganye kwamba tumebadilisha mazao. Mabaki yafukiwe chini sana. Makapi ya uwanjani yasirudi shambani kuwa mbolea. Tusipalilie majani yakiwa na umande. Na bwana shamba atuulizie SUA, Morogoro, aina zinazostahimili.

Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, wazee wetu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, wakatenda. Sisi nasi tunajua kusoma. Kusoma bila kutenda kuna faida gani?

Tunaomba mkutano mkuu uamue. Asiyekubali aje aseme mbele ya wenzake, asisemee kilabuni.

Ushirika ni nguvu, lakini nguvu huanza na mbegu safi.

Katibu wa Tawi, Mamboya