Noti na Mlinzi Wake

Mama auzaye samaki katika soko la Nyawera hupokea noti na kuifunga kitambaani bila hofu. Lakini noti ni karatasi tu. Thamani yake yatoka wapi?

Katika nchi yetu kazi ya kutoa noti ni ya Benki Kuu ya Kongo. Mabenki mengine hutunza akiba na kukopesha watu. Benki Kuu ni benki ya mabenki hayo, na tena ni benki ya Serikali. Yaipasa kuangalia fedha zisizidi bidhaa zilizopo. Zikizidi, bei hupanda, na maskini huumia kwanza.

Sisi Wakongo tumejifunza hayo kwa machozi. Serikali ya Zaire ilipokosa fedha, noti zilichapwa bila kipimo. Januari 1993 wafanya biashara wa Kinshasa waliikataa noti ya zaire 5,000,000. Askari waliolipwa kwa noti hizo wakafanya fujo, na watu wengi wakafa. Mwaka ule ule zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Akiba za wazee wetu zikayeyuka kama chumvi majini.

Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2006 yataka Benki Kuu ijitegemee, ipate kuwajibu wakubwa: “Hapana.” Maana mkubwa aagizaye noti zichapwe ovyo, amekwisha kuchukua jasho la yule mama bila kukifungua kitambaa chake.