Mapafu Pekee Hayamfanyi Mtu Kuwa Kiungo

Kila Jumamosi alasiri, kuanzia Kaptembwo hadi Bondeni, na kuanzia Njoro hadi Gilgil, vijana wetu hufurika katika mabanda ya video kutazama kandanda ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kipenga cha mwisho kinapolia, mjadala huanza, na miongoni mwa mijadala hiyo upo mmoja ambao haujapata kuamuliwa: ni nani kiungo aliye kamili? Mmoja atamtaja Steven Gerrard kwa mikwaju yake ya mbali. Mwingine atamtaja Patrick Vieira, aliyekuwa nahodha wa Arsenal ilipomaliza msimu wa 2003/04 bila kushindwa katika ligi. Wa tatu, ambaye pengine hakuwa amezaliwa Roy Keane alipokuwa akiiongoza Manchester United, atamtetea Declan Rice kana kwamba ni ndugu yake wa tumbo moja.

Mimi si kocha wala sijawahi kuwa mchezaji wa kutajika. Kazi yangu ni isimu, yaani kuchunguza lugha na namna inavyofanya kazi. Hata hivyo, naamini kwamba katika mjadala huu lugha yetu imekwisha kutoa hukumu ambayo wengi wetu hatujaitega sikio, na kwamba kupuuza hukumu hiyo kunawagharimu vijana wa Nakuru na wa Bonde la Ufa kwa jumla.

Waingereza humtaja mchezaji huyu kwa mahali anaposimama uwanjani, yaani katikati. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumempa jina linalotokana na kazi yake. Kitenzi ni "unga", na maana yake ni kutia pamoja vitu vilivyotengana. Goti ni kiungo, na kiwiko ni kiungo. Mpishi anapounga mchuzi kwa nazi, na kutia bizari na iliki, vitu hivyo tunaviita viungo. Hata katika sarufi tuna kiunganishi, lile neno dogo kama "na" au "lakini" ambalo msomaji halioni, ila ukiliondoa sentensi huporomoka. Yafaa izingatiwe kwamba hakuna hata moja kati ya maana hizi inayotaja nguvu, kasi, wala idadi ya mabao. Zote zataja uhusiano: kiungo hupimwa kwa vile anavyoviunganisha.

Tuanze na goti, kwa sababu thamani ya goti hujulikana siku linapoumia. Manchester City walitwaa ubingwa wa Uingereza mara 4 mfululizo kuanzia msimu wa 2020/21 hadi ule wa 2023/24. Mnamo Septemba 2024, kiungo wao Rodri aliumia goti katika mechi dhidi ya Arsenal. Mwezi uliofuata alitawazwa mchezaji bora wa dunia kwa tuzo ya Ballon d'Or akiwa anatembelea magongo, na City, waliobaki na takriban washambuliaji wao wote, wakayumba na kumaliza msimu katika nafasi ya 3. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu pekee. Nasema kwamba timu iliyozoea kutembea wima ilianza kuchechemea, na kila mwenye macho aliona ni wapi palipouma.

Sasa tuje kwenye mchuzi. Bizari haiwi kitoweo peke yake. Hufanya nyama na viazi viwe na ladha ambayo havikuwa nayo. N'Golo Kanté, mtu mfupi na mpole, alikuwa na Leicester City walipoushangaza ulimwengu kwa kunyakua ubingwa wa 2015/16. Akahamia Chelsea, nao wakawa mabingwa wa 2016/17. Mabao aliyofunga katika misimu hiyo miwili ni ya kuhesabika kwa vidole. Alichofanya ni kuwapokonya mpira wapinzani na kuwapa wenzake, ili Riyad Mahrez katika timu ya kwanza, na Eden Hazard katika ya pili, wang'are kila mmoja kwa namna yake.

Najua msomaji mmoja ataniuliza: Je, na mabao? Frank Lampard alifunga mabao 177 katika Ligi Kuu, na Yaya Touré alifunga 20 katika msimu mmoja wa 2013/14 akiwa na Manchester City. Je, hayo si kitu? La hasha! Ni kitu, tena kikubwa. Lakini tujiulize mabao hayo yalitoka wapi. Mtafiti mmoja wa Norway, Geir Jordet, aliwachunguza wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, akahesabu ni mara ngapi kila mmoja hugeuza shingo na kutazama huku na huko kabla ya kupokea pasi. Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama mara nyingi zaidi. Kwa hiyo alipofika katika kisanduku wakati ule ule ambao mpira ulifika, haikuwa bahati. Alikuwa amekwisha kuusoma uwanja kama mtu anayesoma sentensi na kujua neno linalofuata kabla hajalifikia.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Bonde la Ufa ni nchi ya mapafu. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea kaskazini na magharibi hewa huzidi kuwa nyepesi. Katika bonde hili alitoka David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Alitoka pia marehemu Kelvin Kiptum, aliyemaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Kiungo wa Uingereza hukimbia kilomita 11 au 12 katika mechi nzima. Kwa wakimbiaji wetu, hayo ni mazoezi ya kabla ya chai ya asubuhi.

Basi kama mapafu ndiyo yanayomfanya kiungo, mbona viwanja vya Uingereza havikujaa vijana wetu? Jibu ni kwamba tumechukua fahari yetu ya riadha tukaitia mahali isipofaa. Mkimbiaji anajua njia yake tangu mlio wa bastola hadi utepe. Kiungo hana njia. Kila anapopokea mpira hukuta njia 4 au 5 mbele yake, na baada ya nusu sekunde 3 kati ya hizo zimefungwa. Mapafu humwezesha kufika. Hayamwambii afanye nini akishafika.

Nayasema haya nikikiri kwamba mimi mwenyewe ni mkosaji. Kabla sijaenda kusomea shahada ya uzamifu, nilifundisha katika shule moja ya upili humu bondeni, nikakabidhiwa timu ya kandanda kwa kuwa hapakuwa na mwalimu mwingine aliyeitaka. Nilikuwa na mvulana aliyewashinda wote katika mbio za mita 1,500, nikamweka katikati ya uwanja bila kufikiri mara mbili. Alikimbia kama swara, na mara nyingi aliuacha mpira nyuma. Palikuwa na mvulana mwingine, mnene kidogo, ambaye hakukimbia ila ilipombidi. Katika mazoezi, pasi zake zilikuwa na tabia ya ajabu: zilifika mahali pasipokuwa na mtu, na mara mtu akatokea. Mimi nikamwita mvivu. Nilimkalisha benchi mihula miwili, hata akaacha kuja mazoezini, nami sikumfuata kumwuliza sababu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nikimtazama Michael Carrick wa Manchester United, mtu aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mara 5 pasipo kuonekana akihangaika, ndipo nikamkumbuka mvulana yule. Nilikuwa nimeletewa kiungo, nikamtafuta mkimbiaji. Ni walimu wangapi wengine wamefanya hivyo kati ya Naivasha na Molo? Na ni vijana wangapi wamerudi nyumbani wakiamini kwamba hawana kipawa, hali tulichokosa ni macho ya kukiona?

Atakayesema kwamba Mkenya hawezi, naye tuna jibu lake. Victor Wanyama alikulia Nairobi katika familia ya wanasoka. Kakake, McDonald Mariga, alikuwa karibu kujiunga na Manchester City mnamo Januari 2010, lakini uhamisho huo ukakwama katika masuala ya kibali cha kazi, akaenda Inter Milan. Wanyama mwenyewe alipitia Ubelgiji na Scotland, ambako mnamo Novemba 2012 aliifungia Celtic dhidi ya Barcelona kwa kichwa katika ushindi wa 2-1. Mwaka 2013 alijiunga na Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Msimu wake bora ulikuwa wa 2016/17 akiwa na Tottenham Hotspur. Alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Timu yake ilimaliza ya pili kwa alama 86, na ikafungwa mabao 26 pekee, idadi ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote msimu huo. Mei 14, 2017, Tottenham walipoucheza mchezo wao wa mwisho katika uwanja wa zamani wa White Hart Lane, ni yeye aliyefunga bao la kwanza dhidi ya Manchester United. Lakini wanaokumbuka bao hilo pekee, au ule mkwaju uliotikisa nyavu za Liverpool kule Anfield mnamo Februari 2018, hawakumwona Wanyama. Kazi yake ilikuwa kusimama mahali ambapo hatari ingepita, kuizima kabla haijaitwa hatari, kisha kuutoa mpira kwa pasi fupi isiyopigiwa makofi. Aliondoka Tottenham mwaka 2020, na mrithi wake bado twamngoja.

Nakuru haipaswi kungoja tu. Huu ndio mji wa Nakuru All Stars, mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1963, waliotwaa taji hilo tena mwaka 1969. Ulinzi Stars, waliokuwa mabingwa mara 4 kati ya 2003 na 2010, waliifanya Afraha kuwa nyumbani kwao kwa miaka mingi. Mbegu ipo. Tena Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 jukumu la kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Itakuwa aibu tukiwa wenyeji hodari wa kupokea wageni, lakini hatuna wa kuushika mpira katikati.

Nini basi kifanyike? Kwanza, tuache kuwabandika watoto majina mapema. Mtoto wa miaka 11 akishaitwa "kiungo mkabaji" hujifunza kukaba tu, na aitwaye "kiungo mvamizi" husahau kwamba mpira una safari ya kurudi. Acheze nyuma, acheze pembeni, acheze mbele, ili siku atakaposimama katikati awe anajua kila mwenzake anataka nini. Udongo uwahi ungali maji.

Pili, tupunguze mbio za kuzunguka uwanja na tuzidishe mechi za watoto 5 kwa 5 katika nafasi finyu, ambamo kila mmoja hulazimika kutazama na kuamua haraka. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji hata hivyo ardhi iliyo sawa, na hapa serikali ya kaunti haiwezi kukwepa, maana Katiba ya 2010 iliziweka huduma na vifaa vya michezo mikononi mwa kaunti. Inaelezwa kwamba jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi tumelizoea. Lakini mtoto anayecheza juu ya mashimo na mawe hawezi kuinua kichwa kutazama wenzake. Macho yake yote huwa chini, akiuchunga mpira usimruke. Uwanja mbovu humnyima mchezaji macho, nayo macho ndiyo kiungo mwenyewe. Kukarabati uwanja mmoja mkubwa mjini ni jambo jema, lakini halitoshi ikiwa watoto wa Rhonda na Lanet hawana pa kuchezea.

Tatu, walimu na watangazaji tujifunze kusifu. Katika mashindano ya shule tunamzawadia mfungaji bora, na pengine mlinda lango. Aliyeutoa mpira uliozaa pasi iliyozaa bao hana jina. Mtoto hufuata sifa zinakokwenda. Tukisifu mabao pekee tutapata wafungaji kumi na mmoja, na timu isiyo na goti.

Jumamosi ijayo, msomaji, ukiwa katika banda lako la kawaida, nakuomba ufanye jambo moja. Kwa dakika 5 tu usiufuate mpira. Mchague kiungo mmoja umfuate yeye. Tazama anageuza shingo mara ngapi, anasimama wapi wakati hakuna anayemwona, na ni nani anayecheza vizuri zaidi kwa sababu yuko karibu naye. Kisha Jumapili nenda kwenye uwanja wa karibu na mtaani kwako, uwatazame watoto kwa macho hayo hayo. Huenda yupo mmoja pale, amekalishwa benchi kwa kuwa hakimbii sana. Mtafute mwalimu wake umwambie.