Mwezi Mmoja Bila Sukari

Hapana abishaye kwamba sukari ni tamu. Nilipingalo mimi ni neno lisemwalo mezani kila siku, ya kwamba mtu hawezi kuiacha hata kwa mwezi mmoja, na kwamba ajaribuye ni mgonjwa, au bahili, au mwenye kujiona. Msomaji, neno hili si kweli, nalo lawadhuru vijana zaidi, maana ndio kwanza wanajijengea desturi za kula.

Watetezi wa sukari hudai kwamba yatia nguvu. Yatia, lakini ugali, viazi na muhogo hutia nguvu pia, kwa kuwa mwili wenyewe hugeuza wanga wake kuwa sukari ya damu. Sukari nyeupe haina vitamini wala protini. Twaa chupa ya soda ya mililita 300: aghalabu mna sukari ya gramu 30 na ushei, yaani vijiko vidogo saba au vinane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tuipatayo chakulani, tena ni bora ikiwa chini ya nusu ya hapo, kadiri ya gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Basi chupa moja hupita kiasi hicho kabla hujagusa chai, na chai yetu waijua ilivyo! Vijidudu vya kinywani hufurahia karamu hiyo; huila sukari, hutoa asidi, na asidi hulitoboa jino. Sisemi kwamba sukari peke yake huleta ugonjwa wa kisukari, maana kumtisha msomaji kwa uongo ni kumdharau. Lakini unene uletwao na vinywaji vitamu ni mlango mmoja wa ugonjwa huo.

Wengine hukimbilia ukarimu. Husema kwamba mgeni akipewa chai isiyo sukari ametukanwa. Je, wazee wetu walikuwa wachoyo? Walimkaribisha mgeni kwa dafu, kwa maziwa, kwa uji, zamani sana kabla ya viwanda vya Miwani na Mumias. Sukari kwetu ni mgeni wa juzi, tena mgeni mwenye historia chungu. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Na miongoni mwa mamilioni ya Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki, wengi mno walipelekwa kukata miwa Brazil na visiwa vya Karibi. Mkulima wa leo hana hatia katika hayo. Lakini kitu kilichokuja kwa njia hiyo kisipewe heshima ya mila.

Tena mwezi si muda mrefu. Mombasa na Lamu, maelfu ya watu hufunga Ramadhani, wakajizuia chakula na maji mchana kutwa kwa siku 29 au 30. Ni kweli kwamba jioni huja kaimati na visheti, na hapo sukari hulipiza kisasi. Hata hivyo, aliyevumilia kiu ya mchana wa pwani asiniambie kwamba kijiko kimemshinda.

Ukijaribu, usijidanganye. Asali na maji ya matunda ya pakiti si maficho. Soma maandishi ya pakiti, kwani glukosi na sukrosi ni sukari kwa majina mengine. Embe, papai na ndizi kula, maana utamu wake umefungamana na nyuzinyuzi. Ila mwenye kisukari atumiaye insulini asijaribu bila ya daktari wake, kwa kuwa sukari ya damu ikimshuka ghafula, kitu kitamu ndicho kimwokoacho.

Siku za kwanza chai itakuwa kama dawa. Vumilia; ulimi hujifunza upesi kuliko mwenyewe adhanivyo. Mwezi ukiisha, tia kikombeni vijiko vyako vya zamani, onja, kisha uamue kama utakimaliza kikombe hicho.