Subhuti na Magofu ya Pate
Ukifika kisiwa cha Pate utakuta tumbaku imeota baina ya kuta za majumba ya mabwana wa zamani, na zidaka ambamo vilipangwa vyombo vya Kichina sasa ni tupu. Magofu hayo ndiyo yaliyomfanya mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir auhoji moyo wake katika utenzi wa Al-Inkishafi. Kwa kuhoji huko, nami humkumbuka Subhuti, mwanafunzi wa Buddha, aliyeuliza maswali ya Sutra ya Almasi, ambayo nakala yake moja ilichapwa China mwaka 868. Msiwachanganye, jamani: Sayyid anaitazama dunia akiiwazia akhera, Subhuti anafunzwa kwamba hata huyo anayetazama hana kiini cha kudumu. Ila wote walikaa na swali. Sisi tunapiga picha magofu, tunapanda mashua, tunaondoka.